Spika za Upande wa Kulia

Kaka yangu wa mbali,

Chumba chako cha zamani sasa ni sinema ya Baba. Fundi alifunga spika tano kuzunguka kuta, akazijaribu kwa kupitisha sauti ya mvua kutoka moja hadi nyingine. Nilikaa na Baba katikati, nikafumba macho, nikaelea. Mvua ilipofika kushoto, Baba akauliza, "Mbona imekatika?"

Haikukatika, Kaka. Sikio lake la kushoto halisikii tena, na kumbe alikuwa anatuficha.

Nikamwomba fundi ahamishie zote kulia. Akacheka: "Dada, spika zinapanga foleni ya nini?"

Sasa Baba anasinzia humo, mvua yake nzima ikimnyeshea. Ukija, usimuulize kitu. Kaa tu kulia kwake.

Mdogo wako anayekuwaza