Kitanda Bila Ubao wa Kichwani

Mjini, 17 Februari 2025

Mpendwa Tatay,

Kutoka huku nauchukua mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu kwa heshima, na wa Nanay vilevile. Hamjambo? Kifua cha Nanay kimetulia? Goti lako je? Sisi wazima, tena mimi nimezidi, maana naimba hata nikisugua sufuria.

Tatay, nimeolewa na mwanamume wa ajabu! Jana Rodel alirudi kazini mvua imemlowesha mpaka soksi, lakini mkate aliouficha ndani ya shati ulikuwa mkavu. "Mke wangu hali mkate uliolowa," akasema. Nikalia. Akadhani nimejikata kidole. Hata anavyopiga chafya napenda, nifanyeje?

Tunalala kwenye mkeka na hatulalamiki. Najua kitanda cha harusi unachotuchongea kimebakiza ubao wa kichwani tu, lakini Rodel anaomba usikilete kwanza. Yeye ni mjumbe wa kamati ya zabuni ya halmashauri. Zabuni ya viti vya shule, badala ya vile vilivyochukuliwa na kimbunga, itatangazwa karibuni, nawe ndiye unayewauzia viti tangu mimi sijaanza shule. "Watu wakiona kitanda kinashushwa mlangoni kwangu, watasema nimehongwa," anasema. Nikamjibu, "Umeshapewa binti mzima, kitanda ndicho kitakuponza?"

Akacheka, ila kidogo.

Binti yako mwenye furaha,
Jonalyn


Karakana, 3 Machi 2025

Mwanangu Jonalyn,

Tunashukuru, tumeamka. Kifua cha Nanay wako kinakuja na kuondoka. Barua yako ilinuka samaki wakavu, maana Pasing, mchuuzi anayetubebea barua, aliichomeka kwenye kapu lake la biashara, lakini Nanay ameilalia chini ya mto hivyohivyo. Kwa kuwa simu huku haishiki, tumshukuru Pasing na samaki wake.

Nimechoka, mwanangu. Niliitwa makao makuu ya mkoa kwenye semina ya sheria mpya ya manunuzi. Ukumbi umejaa wauzaji, feni moja. Sasa usajili wote unapitia mtandaoni: leseni, kodi, picha ya karakana, jina la mwenye mali wa kweli. Nimekaa kwenye duka la intaneti mpaka mwenye duka akanipikia wali. Tukifika ukurasa wa mwisho umeme unakatika, tunaanza upya. Mbao za gmelina zimeshakauka, vibao vya kuandikia vya kwenye mikono ya viti nimeshavichonga vyote na kuvipiga msasa. Mdogo wangu Badong na wenzake wanasubiri neno langu waanze miguu. Hawana kazi nyingine, na mimi sina mnunuzi mwingine.

Halafu mama aliyeendesha semina akasema muuzaji ataapa kwamba hana ndugu kwenye kamati, wa damu wala wa ndoa. Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mama, kwetu hata mbwa ni mabinamu!" Nami nilicheka. Nilipopanda basi nikaacha kucheka. Mkwe ni ndugu wa ndoa, sivyo? Muulize Rodel. Lakini ale kwanza.

Tatay wako


Mjini, 9 Machi 2025

Mpendwa Tatay,

Naupokea mkono wako kwa heshima. Mwambie Nanay achemshe tangawizi, na wewe usipande ngazi na hilo goti.

Sikungoja amalize kula. Rodel aliweka kijiko chini, akaniangalia kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. "Baba mkwe ni ndugu wa karibu kabisa," akasema. "Tangu padri alipotufungisha ndoa, baba yako hawezi kutuuzia hata kigoda, hata bei yake iwe ya chini kuliko zote." Alikumbuka kitanda, Tatay, hakukumbuka anayekichonga! Na mimi je? Nilikaa wiki nzima nachagua rangi ya utepe. Tulifikiria wasimamizi wa harusi, tukafikiria nguruwe wa kuchoma, hili halikumjia mtu. Anasema kiapo hicho hata zamani kilikuwapo, ila watu walisaini bila kusoma. Siku hizi kinasomwa, na mtu akidanganya, muuzaji anafungiwa na mtumishi anafukuzwa kazi.

Jirani yetu akaniambia, "Si mwandike jina la Badong?" Badong ni baba yangu mdogo, naye yumo kwenye makatazo. Akaniambia, "Basi gombaneni hadharani, mseme si ndugu tena." Nilimfungia mlango kwa adabu.

Sasa sikia. Rodel anataka kutoka kwenye kamati. Amempelekea ombi meya, aliyekuwa msimamizi wetu wa harusi. Meya kamwambia, "Umeoa juzi, leo unataka talaka na mimi?" Kisha akalainika: ukileta bahasha yako ya zabuni, atasaini ombi hilo kabla haijafunguliwa. Ila Rodel atahamishiwa machinjioni kusimamia usafi, na cheo anachokingoja tangu kabla hatujajuana kitakwenda kwa mwingine. Anasema damu ya nguruwe inafuliwa ikatoka. Ungesikia alivyosema! Nilimkumbatia mpaka akakohoa.

Kwa hiyo leta bahasha, Tatay. Usiogope.

Binti yako,
Jonalyn


Karakana, 21 Machi 2025

Mwanangu,

Tuko salama. Goti ni lilelile.

Mwambie Rodel asiende machinjioni. Unakumbuka alivyokuja kwetu mara ya kwanza? Alikuwa amenirudishia viti, akisema vinayumba. Badong akamwambia, "Bwana mdogo, sakafu yenu ndiyo inayumba." Akaketi kwenye kimoja, akaniomba niketi kwenye kingine. Tukayumba wote wawili kama watoto kwenye bembea, na wewe ukaleta kahawa ukacheka. Jioni ile nilimwambia Nanay wako kwamba kijana huyu siku akija kuposa asizungushwe. Mtu wa namna hiyo anatakiwa abaki kwenye meza ya kamati.

Mambo ya zabuni usiniandikie tena. Nisipojibu usidhani nimekasirika. Watu wana macho, na barua zinazotoka kwa muuzaji kwenda nyumbani kwa mjumbe zinasemwa hata zikinuka samaki.

Tatay wako


Mjini, 28 Aprili 2025

Mpendwa Tatay,

Nauchukua mkono wako, ingawa sijui kama unanipa. Hamjambo kweli? Pasing anapita, namkimbilia, hana barua, ananiuzia samaki na kunionea huruma.

Leo wamefungua zabuni. Siku hizi wanarusha moja kwa moja, nami nimetazama kwenye simu, jikoni, wali ukaungua. Rodel alikaa pembeni, ombi lake mfukoni bila saini, macho mlangoni. Kila mlango ulipogongwa alinyanyuka kidogo. Akaingia mfagiaji. Akaingia mtu wa maji. Mwenyekiti akauliza, "Yupo mwingine?" Rodel akasema, "Tungoje kidogo, tafadhali." Mwenyekiti akamtazama kwa upole, akasema muda ni muda. Kulikuwa na bahasha mbili, zote za kampuni za mji mkuu. Vimeshinda viti vya plastiki.

Amerudi, amevua viatu, amekaa. Hakuleta mkate. Sikusema maneno ya mapenzi, mimi ninayeyasema mpaka najichosha. Nilikaa naye tu. Tatay, kama ni harusi yangu iliyofunga karakana, niambie mwenyewe. Usiniache nikisie.

Jonalyn wako


Mjini, 12 Mei 2025

Tatay wangu, Nanay wangu,

Mikono yenu yote miwili nimeiweka kwenye paji la uso na siiachii.

Asubuhi hii lori la katani limesimama mlangoni. Badong akashuka na kupiga kelele mtaa mzima usikie: "Mzigo wa Rodel! Kutoka kwa mzee asiyemuuzia mtu wa serikali chochote!" Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema hakuna. Nikamuuliza wanakula nini. "Majeneza na makabati," akasema, "na hayo majeneza watu hawayaagizi haraka." Mafundi watatu wameondoka kutafuta kibarua mjini. Amesema kama anayetaja hali ya hewa.

Majirani walitoka. Rodel alishika upande mmoja wa kitanda mchana kweupe, bila kuangalia kulia wala kushoto. Tukakiingiza, tukakiunga. Kisha nikauona ubao wa kichwani.

Vibao vya kuandikia, Tatay. Vile ulivyovichonga kwa ajili ya viti, umevipanga wima, ubavu kwa ubavu, kila kimoja na mahali pa kulaza mkono. Rodel alipitisha kiganja kwenye vyote, taratibu, kimoja baada ya kingine. Kisha akakikalia kitanda na kujaribu kukiyumbisha.

Hakiyumbi. Amelala sasa, na viatu miguuni, kachoka. Nakuandikia, Tatay, nikiwa nimeegemea pale ambapo mtoto wa mtu angeandikia shuleni.

Binti yako,
Jonalyn