Uki Uliouacha, Baba

Baba yangu uliyelala Zombe,

Jumapili jina lako limesomwa tena kanisani. Nimetanguliza habari yenyewe kwa sababu hukuwahi kuvumilia hadithi ndefu. Ulikuwa ukiniambia, "Ndinda, fika sokoni kwanza, njia utanieleza baadaye." Basi nimefika. Sasa njia.

Unakumbuka ile benchi ya hospitali? Macho yako yalikuwa manjano, na mimi nilikuwa nimekushikia kofia. Sista akakuuliza, "Mzee, na pombe?" Ukajibu kwa fahari, "Mimi uki niliacha tangu sukari inishike."

Ulimaanisha asali. Wewe mwenye mizinga, uliyekuwa ukilamba kisu cha kurinia, uliiacha siku moja na hukurudi. Lakini kwetu Ukambani uki ni asali na uki ni pombe, mpaka mtu aongeze kwamba ni wa nyuki. Hukuongeza. Sista, Mkamba kama sisi, akaandika kwamba ulikuwa mnywaji. Mimi nilicheka kimoyomoyo, nikasema nitamrekebisha baadaye. Foleni ikasonga. Sikumrekebisha, na kicheko hicho nakijutia mpaka leo.

Nyuma yetu alikuwa Mama Mwende, jirani yetu. Tulipofika nyumbani, habari ya ini lako na pombe ilikuwa imetutangulia. "Mzee wa kanisa! Na vile alikuwa anatukemea!" Kanisani wakafuta jina lako kwenye orodha ya wazee. Ulisema tu, "Wacha waseme. Mungu anajua Kikamba." Ukaenda kaburini hivyo, bila jina.

Mimi sijasomea udaktari, nimesomea kaunta ya agrovet. Kati ya mteja wa dawa ya kupe na wa mbegu za ndengu, nilisoma kwenye simu. Kumbe mwilini kuna vimeng'enya vinavyotengeneza gesi, inaitwa nitriki oksidi. Ikiwa kidogo, mishipa hulegea na damu hufika kwenye ini vizuri. Sukari ikikaa miaka mingi, kimeng'enya cha kazi hiyo huzembea, na kingine, kinachoamshwa na uvimbe, humwaga gesi ileile kupita kiasi mpaka seli za ini zinaumia. Wataalamu bado wanabishana nani alaumiwe kwa kiasi gani. Mimi nilitosheka na hili: ini la mtu wa sukari laweza kuharibika bila mwenyewe kuonja hata tone.

Nikaenda kwa daktari na maswali yangu, nikaomba afungue faili yako. Akasoma, akainua kichwa.

"Aliacha uki gani?"

"Wa nyuki."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliandika barua kwamba vipimo vyako vinalingana na madhara ya kisukari, na kwamba hakuna kipimo kilichoonyesha ulevi, ila neno moja lililosikika vibaya.

Mchungaji aliisoma barua hiyo mbele ya watu wote. Mama Mwende akashindwa kunyamaza. "Lakini si angesema asali!"

Nikasimama. "Mama, wewe kwako ukitaka asali unaitisha nini?"

Akatazama dari. Akatazama viatu. "Uki," akasema, na kanisa zima likaangua kicheko, hata yeye.

Ndipo mchungaji akasoma orodha ya wazee, wewe ukiwa wa tatu, mahali pako. Akarudia jina lako bila kuombwa. Vigelegele vilipasua mabati, Baba. Sijui kama huko vilifika, lakini mbuzi wa jirani walikimbia.

Na Mama? Tangu ulipofutwa alikuwa akikaa benchi ya mwisho, karibu na mlango. Aliinuka na Biblia yake katikati ya kelele zile, akatembea polepole mpaka mbele kwa wake za wazee, akamtazama aliyekuwa amekalia nafasi yake.

"Songa," akasema.

Akasonga.

Lala na cheo chako, Mzee.

Binti yako,
Ndinda