Zoezi la Mguu Mmoja

Kaka Deo, shikamoo. Pole tena na mguu. Nyie hapo Shanwe mnalalamikia jua, mimi huku Austria masikio siyasikii kwa baridi.

Juzi kwenye simu nilikugombeza kwamba unadeka, eti kunyanyua mguu uliovunjika mara kumi kwa siku ni kazi gani. Basi leo mwalimu wetu wa kuteleza kwenye theluji kanivua skii moja, ule ubao mrefu wa kutelezea unaofungwa mguuni, akaniambia nikate kona kwa mguu mmoja. Nimeanguka mara saba. Ya nane nikakaa chini nikalia, mtu mzima mimi.

Mchana akatupeleka kwenye matuta ya theluji. Nikakumbuka ulivyonifundisha kushuka na pikipiki barabara ya Mwese: "Legeza magoti, usiangalie tairi, angalia mbele." Nikavuka matuta manne nimesimama! Mwalimu kauliza nani kanifundisha. Nikasema kaka yangu, naye anajifunza kutembea upya.

Nisamehe kwa maneno yale. Kesho asubuhi narudia mguu mmoja. Na wewe nyanyua wako, hata mara tatu. Ukijisikia kulia, lia, halafu rudia.

Mdogo wako akupendaye,
Neema