Nilivyoitika kwa Niaba Yako

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa msiba wetu. Hujambo huko? Magoti yameacha kukusumbua? Shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi mzima, ila mgongo tu.

Kazi yangu ni ile ile: nakaa na wanaojifungua, na waliofiwa, na wanaokata roho. Mtaani wamenibandika jina la Mapokezi. Juzi fundi cherehani aliniona napita kwake, akauliza leo naenda kupokea au kusindikiza. Nikamwambia mkewe hana mimba, kwa hiyo ajiangalie.

Kwenye simu nilikwambia mama amekwenda salama. Ni kweli, lakini si yote. Siku tatu za mwisho nilikaa naye kama ninavyokaa na wengine: namlowesha midomo kwa pamba, namgeuza ubavu, nafungua dirisha. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaanza kukuita. Nikamwambia hupo, uko mbali. Akaita tena. Mara ya tano nikaitika. Wala si "abee" yangu. Niliitika "beee", kwa kuburuza, kama ulivyozoea wewe tangu utotoni. Akatabasamu.

Akasema siku ile ulipojifungua mtoto asiye na uhai, yeye akiwa ndiye mkunga wako, alimfunga shuka akamtoa nje kabla hujamwona. Alidhani usipomwona hutaumia. Akasema alikuwa wa kike, nywele tele, na masikio yako yale yale. Akasema laiti angekuacha umshike. Akaomba umsamehe.

Dada, miaka kumi na tisa uliyomnunia naijua, wala siidharau. Na wasichana ninaowafundisha kazi hii nawaambia kila siku kwamba anayekufa hadanganywi. Lakini alikuwa amenibana mkono, nikasema nimekusamehe, mama. Nikasema kwa sauti yako. Haikupita nusu saa akaondoka.

Jina langu hakulitaja hata mara moja. Limeniuma, nisikufiche, lakini hilo nitalimeza mwenyewe.

Msamaha haukuwa wangu, na nimeutoa. Nimeogopa wiki mbili kukuandikia. Kama moyo wako bado, usimnunie marehemu, ninunie mimi niliye hai. Ila kabla hajafumba macho nilimuuliza, bado kwa sauti yako, mtoto alimlaza wapi. Akanielekeza: nyuma ya zahanati ya zamani, kwenye kona ya ukuta. Nimekwenda nikafyeka majani, nikapaona. Kuna mawe matatu, ameyapanga mwenyewe.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Chumba chako nimekifagia. Njoo, nikupeleke kwa mwanao.

Ni mimi mdogo wako,
Mapokezi