Mkono Mmoja Mwaloni

Mpwa wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Kirumba hakuna mkubwa asiyenijua mimi mjomba wako. Mke wangu yuko Misungwi kwa wajukuu tangu mavuno. Nyumba imenyamaza, hata barua yako niliisoma kwa sauti.

Umeuliza serikali ya kibunge inaendaje. Umemuuliza mwenyewe! Nilitawala wauza dagaa wote wa soko la Mwaloni. Kila safu ya meza ilichagua mjumbe, na wajumbe wakachagua mwenyekiti kati yao: mimi. Ndivyo ilivyo. Wananchi wanachagua wabunge, wabunge wanamweka waziri mkuu, na siku wakikosa imani naye anaondoka, hata kama uchaguzi bado.

Basi nikahamishia meza za watu karibu na choo bila kuwauliza wajumbe. Mama Sado, mjumbe wa safu ya pili, akasimama kikaoni.

"Mwenyekiti, kiti hicho tulikukalisha sisi. Wajumbe, wenye imani naye bado, mikono juu!"

Watu huwa nawaambia nilijiuzulu. Wewe nakwambia kweli, ili uniandikie tena: ulinyooka mkono mmoja tu, wa kwangu. Nikaushusha polepole, najifanya najikuna kichwa.

Mjomba wako