Georgette Mwenye Vidole Tisa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo wametusomea barua. Depo ya mchele inafungwa. Maji ya ziwa hayajatoka ndani tangu mwezi wa nne, mashine ya kukoboa imeshika kutu, na malori ya mpunga kutoka Luberizi siku hizi yanapakulia kwingine. Shefu Toussaint alisoma akiwa amesimama juu ya meza, maana chini ni tope. Aliita majina yetu yote kumi na tisa, mmoja mmoja, kama shuleni. Kila mtu aliitika "présent". Mimi pia niliitika. Baada ya hapo akatuambia hatuna kazi tena.

Sikulia. Apollinarie, tuliyekuwa tukipepeta naye mchele, alilia kwa niaba yetu sote. Mimi nilikunja kitenge cha kazi, nikachukua sahani yangu na kijiko, nikatembea kwa miguu kutoka Kalundu mpaka Kimanga. Nimepika mboga ya lengalenga. Nimesahau chumvi — hakuna aliyesema kitu.

Jumatano, 5 Juni 2024

Kumbe kuna mutuelle, ule mfuko wa wafanyakazi wa kusaidiana. Kila mwezi walikuwa wananikata na mimi nasaini bila kuuliza. Apollinarie ndiye aliyekumbuka: mfanyakazi akipoteza kazi bila kosa lake, mutuelle inampa nusu ya mshahara kwa miezi sita. Sharti awe amekatwa miezi ishirini na nne. Mimi nina ishirini na sita.

Wanataka barua ya kufungwa kwa depo, karte ya kura, na cheti cha mtoto kama yupo wa chini ya miaka miwili, maana kuna nyongeza yake. Na mtoto mwenyewe aletwe mbele ya komisiyo, watu wao wa ukaguzi, aonekane. Inaelekea kuna watu waliandikisha watoto wasiokuwepo. Délice wangu ana mwaka na miezi minne. Yupo sana.

Niandike wazi ili nisijidanganye. Ezéchiel, mume wangu, alienda kwenye dhahabu Misisi na simu yake imezimwa tangu Krismasi. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Pesa hii isipotoka, tunahamia Nyakabere kwa mama mkwe. Jembe litapatikana. Shule ya Naomie, binti yangu mkubwa, ndiyo basi.

Nilipaswa kuogopa. Ninajua ninapaswa kuogopa. Sisikii kitu.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Nimefua. Nimeanika. Mvua imelowesha, nimeanika tena.

Jumanne, 11 Juni 2024

Nimepeleka dosiye, karatasi zote kwenye faili moja. Biro ya mutuelle ni chumba kimoja nyuma ya duka la simenti. Papa Révérien, mwenye kupokea karatasi, ni mtu wa bonde la Ruzizi, mpole, anaandika polepole mpaka unatamani kumshikia kalamu. Aliuliza kama karatasi zote ziko. Nikasema zote. Akashika kidole changu cha kuonyeshea, cha mkono wa kulia, akakichovya kwenye wino, akakibonyeza chini ya fomu. Alama ikatoka nzuri, duara lote.

Hakunitazama usoni. Mimi pia sikumtazama. Nimerudi nyumbani, Nicole akaniuliza kwa nini nina wino mkononi. Nikamwambia ni mambo ya biro. Nicole ni mdogo wangu, tunaishi naye. Alinitazama mkono muda kidogo, halafu akaendelea kuchambua maharagwe.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka!

Alhamisi, 13 Juni 2024

Hakuna habari. Dosiye ya Apollinarie imepita. Ameniletea samaki wadogo wa ndagala kwenye sahani, akacheka peke yake kwa furaha, akaenda zake.

Jumatatu, 17 Juni 2024

Papa Révérien alinipigia simu asubuhi. Niende biro, na niende peke yangu.

Mezani kulikuwa na karatasi mbili. Moja ni fomu yangu yenye alama ya kidole. Nyingine ni ya zamani, ya mwezi wa tatu mwaka jana: ajali kazini. Jina langu. Mkanda wa mashine. Mkono wa kulia, kidole cha kuonyeshea, kimekatwa chote. Hospitali imelipwa na mutuelle.

"Mama Naomie," alisema, "hii kidole imetoka wapi?"

Nilikitazama kidole changu. Kilikuwa pale juu ya meza, kizima, na kucha yake. Kidole si mgomba kwamba ukikata unachipua.  Mtu wa duka alikuja kumwomba Révérien kiti kimoja, akampa.

Kisha akasema polepole kwamba komisiyo inakaa Jumanne ya wiki ijayo, na kwamba wao wataangalia mkono. "Aje ule Georgette mwenye aliumia. Kama hakuna, dosiye inafungwa, na pesa ya hospitali mutuelle itaiuliza." Fomu yangu akaiweka kwenye droo. Akanipa nyingine nyeupe, haina alama. Nimeishika njia nzima bila kujua kama ananisaidia au ananichimbia.

Jumanne, 18 Juni 2024

Nieleze, hata kama ni kwangu mwenyewe.

Délice alizaliwa tarehe 9 mwezi wa pili mwaka jana. Pale depo ruhusa ya uzazi ilikuwa ya watu wa biro. Sisi wapepetaji, ukizaa, unampeleka mtu wa nyumbani kukulindia nafasi. Dada, wifi, binti mkubwa. Anaitika jina lako, anasaini jina lako, mshahara unakuja kwako na wewe unamgawia. Shefu Toussaint mwenyewe alikuwa akisema: "Muntu wa kusimama pale njo tunatafuta. Sura, iyo ni mambo ya Mungu." Hakuna aliyeona ni uongo. Apollinarie amelindiwa nafasi mara mbili.

Nicole alinilindia miezi minne. Alikuwa anajifunza ushonaji kwa Mama Olga, akaacha kwa muda kwa ajili yangu. Wiki ya sita, mkanda wa mashine ukamshika kidole. Hospitali walimwandika Georgette, kwa sababu ndivyo alivyoandikwa kazini. Aliporudi na bandeji nilimpa uji, na kidonda kilipofunga akarudi depo kumaliza miezi yangu. Hakurudi tena kwa Mama Olga. Mkasi unataka kidole kile.

Sijawahi kumwomba msamaha. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara mbili.

Sasa hesabu: ishirini na sita toa minne. Ishirini na mbili. Nikisema kweli, sistahili.

Apollinarie anasema hakuna tatizo hapo, mbona nahangaika. Aende Nicole. Ile picha ya karte inaweza kuwa ya mtu yeyote wa Uvira mwenye masikio mawili.

Jumatano, 19 Juni 2024

Nimemwambia Nicole. Alikuwa anamwogesha Délice kwenye beseni. Nilimaliza kusema na yeye hakusimamisha mkono.

"Yaya, minye nilikuwa weye miezi ine," alisema mdogo wangu. "Siku moja njo itanishinda?"

Nikamwambia anaweza kukataa. Akasema anajua. Nikamwambia wakigundua wataweza kumpeleka polisi. Akasema hilo pia anajua, nimpe taulo.

Nilimpa taulo.

Ijumaa, 21 Juni 2024

Tumefanya mazoezi baada ya chakula cha mchana. Mimi ni komisiyo, Nicole ni mimi. Ulianza lini kazi? Tarehe moja, mwezi wa nne, 2022. Mume? Misisi. Watoto? Wawili, Naomie na Délice. Anajibu vizuri kuliko mimi. Ana hata ile tabia yangu ya kuangalia mlango.

Naomie alikuwa anatusikiliza na daftari lake la mtihani magotini. Akauliza, kama mama mdogo ni mama, mama atakuwa nani siku hiyo? Nikamwambia nitakuwa shangazi wa mtu. Nicole alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilifungua mdomo nicheke, sauti haikuja.

Baadaye Nicole akauliza, si kwa mazoezi: "Ile siku ya kidole, uliwaza nini?"

Nilitafuta. Nikamwambia ukweli: niliwaza kama shefu atakubali nimtume mtu mwingine kesho yake. Aliitika kwa kichwa. Akasema alijua, alitaka tu kunisikia nikisema. Tumeendelea na maswali. Sahihi yangu anaiweka kwa kushika kalamu kati ya kidole cha kati na gumba. Inafanana kabisa. Miezi minne aliisaini.

Jumapili, 23 Juni 2024

Kanisani. Mhubiri alisema mengi. Wanafunzi wanajifunza gwaride la 30 Juni barabarani, vumbi hadi kwenye sufuria. Nicole amesuka nywele kama zangu za kwenye karte. Aliposimama mlangoni, jirani Annie alimwita "Mama Naomie". Akaitika.

Jumanne, 25 Juni 2024

Naandika hapa hapa, kwenye uwanja wa biro, chini ya mabati, ili mikono isikae bure. Saa tano na nusu.

Tulifika saa mbili. Nimemnyonyesha Délice saa mbili na robo, akashiba, akalala mgongoni kwa Nicole. Hesabu yetu ilikuwa waanze saa tatu, wamalize kabla hajaamka. Komisiyo imekuja saa tano kasoro. Watu watatu — wanaume wawili na mama mmoja mnene mwenye miwani, mwenye sauti ya shuleni. Papa Révérien anawaandikia. Alipotupita alitusalimia wote wawili kwa pamoja, "bonjour bamama", na hakuita jina la mtu.

Apollinarie alikuja kutusindikiza. Yuko pembeni yangu anakula karanga.

Wameita: Georgette. Misuli ya miguu yangu ikataka kusimama. Apollinarie akaniwekea mkono juu ya goti. Nicole akasimama, akajifunga vizuri kitenge, akaingia na mtoto wangu. Mlango umefungwa lakini dirisha halina kioo.

Ninawasikia. Alianza lini? Mwezi wa nne, 2022. Anafanya kazi yoyote sasa? Hapana. Mume yuko wapi? Misisi. Sasa ni mkono.  Mmoja wa wanaume amesema pole, mama. Mama wa miwani ameuliza kama kunauma hata leo. Nicole amesema wakati wa baridi ndiyo, na usiku anaota kidole kipo, anashona.

Hilo hatukulifanyia mazoezi.

Miezi kumi na tano tunalala chumba kimoja. Hajawahi kuniambia. Au sijawahi kuuliza.

Wanageuza karatasi. Révérien anasoma miezi: ishirini na sita. Mama wa miwani anasema inatosha, ibaki mtoto tu, amtoe mgongoni waone.

Délice ameamka.

Kwanza ni kile kilio chake kidogo cha kuuliza. Nicole anambembeleza, anamwita majina yote. Kilio kinapanda. Mwanaume mmoja anacheka, anasema huyu kweli yupo. Mama wa miwani anasema ana njaa huyo. Nicole anasema alikula, ni usingizi tu. Mama anasema, mimi nimezaa sita, kilio cha njaa ninakijua. "Mama, mupe ziwa. Sisi wote ni bazazi hapa, usisikie haya."

Nicole anambembeleza tena.

"Mupe, mama. Tutangoja."

Nicole hajawahi kuzaa. Apollinarie ameacha kutafuna. Ananitazama, anatikisa kichwa: usiende. Anasema kwa sauti ya chini kwamba Nicole atajua la kusema, atasema amemwachisha ziwa. Anasema nikiingia tumekwisha sote, hata yeye, wataanza kufungua dosiye za watu wote kumi na tisa. Ni kweli. Ninajua ni kweli. Naomie ana mtihani Jumatatu.

Délice sasa analia kile kilio cha kukata pumzi. Wiki tatu hizi sikusikia kitu, si barua, si kidole, si mwenye nyumba. Sasa maziwa yanatoka yenyewe. Blauzi imelowa pande zote mbili, inaonekana, na daftari halifuniki kitu.

Mlango umefunguliwa. Papa Révérien amesimama kizingitini, kalamu mkononi.  Ananitazama kifuani, halafu usoni, kwa mara ya kwanza.