Kambakochi Huonja kwa Miguu

Kilwa Masoko
11 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima hapo Mgololo na kwamba ukungu wa huko haujakukaba kifua. Mimi mzima, ila jua la huku limenifanya mweusi kama sufuria ya msibani.

Uliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani hasa, ikakatika kabla sijamaliza sentensi. Bora niandike.

Tunafuga kambakochi, kamba wale wakubwa wenye sharubu ndefu, wengine kwenye vizimba baharini, wengine kwenye matangi. Wao wanapenda kome. Kina mama wa hapa huwachokoa kome kwenye miamba, na miamba sasa imebaki uchi. Bahari ikichafuka kome hawapatikani, na kambakochi mwenye njaa humla mwenzake. Kwa hiyo mimi nimeletwa nitengeneze punje kavu, kama zile za kuku, na wazikubali.

Kuwalisha ndiyo kazi, Baba. Hawa wananusa kwa sharubu na kuonja kwa miguu. Anaifikia punje yangu, anaikanyaga, tayari ameshajua ladha yake kabla haijafika mdomoni. Anaipita kama jiwe. Nimejifunza kwamba kuna harufu ya kumwita, na kuna ladha ya kumfanya abaki. Ni vitu viwili, na mimi sina hata kimoja.

Najua ulitaka nibaki hapo kwenye kiwanda cha karatasi, karibu yako. Nivumilie.

Binti yako,
Eveline


Mgololo
9 Machi 2025

Mwanangu Eveline,

Kamwene! Sisi huku hatujambo, mvua inanyesha mpaka mahindi yanaomba radhi. Kifua changu usikiwaze, nakunywa chai ya tangawizi.

Barua yako nimeielewa. Jumapili kanisani, kwenye matangazo, nilisimama nikasema: "Binti yangu yuko Kilwa, anawafundisha kambakochi kula." Mzee Edmund akauliza kambakochi ni mnyama gani. Tulipotoka nje nikamchorea kwa fimbo kwenye tope. Akatazama, akasema, "Sosthenes, huyo ni nge. Mtoto wako analisha nge." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Ni nge anayeliwa na mabalozi."

Kiwandani bado wananiuliza kwa nini hukuja kuomba kazi. Nawajibu kwamba karatasi hailishwi.

Kuhusu hiyo harufu, usihangaike. Kaka yako Joachim wa Ilomba atakutumia usipa, wale dagaa wa ziwani kule Kyela, kwa basi. Hajazaliwa kiumbe wa kuukataa usipa.

Ni mimi baba yako,
Sosthenes


Kilwa Masoko
18 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mwambie kaka nashukuru sana.

Kiumbe wa kuukataa usipa amezaliwa, Baba, na ninaye hapa. Niliusaga, nikauchanganya kwenye punje. Walikuja mbio, sharubu zikicheza. Wakaushika, wakauonja, wakautupa. Mmoja aliusukuma kwa mguu mpaka pembeni ya tangi, kama mtu anayesogeza sahani. Usipa uliobaki tumeula sisi kwa ugali.

Baadaye nilichemsha kome nikapaka maji yao juu ya punje. Wakaja, wakashika, wakaanza kula! Nilipiga kelele mpaka watu wakadhani nimeumwa na nyoka. Lakini hawa hula polepole, chembe kwa chembe, na kabla hawajafika mbali maji yalikuwa yameshaiosha ile ladha, na punje yenyewe imelainika kama uji. Wakaiacha.

Hata hivyo sasa najua wanachotaka. Kinachobaki ni kukizuia kisitoke ndani ya punje.

Meneja wetu, Bwana Sedekia, anasema Julai wanakuja wageni wakubwa wa kuupima mradi. Wakiupenda utaendelea, wasipoupenda tunafunga. Tuombee.

Binti yako,
Eveline


Mgololo
22 Juni 2025

Mwanangu,

Kamwene. Tuko salama. Baridi imekuja yote, asubuhi nyasi ni nyeupe.

Nimesoma barua yako mbele ya jumuiya nzima. Nimewaambia kambakochi wameshakula na wageni wakubwa wanakuja kumwona binti yangu. Mchungaji ametaja jina lako madhabahuni. Edmund ameacha kusema nge, sasa anasema "wale wanyama wa Eveline". Kila ninapopita naulizwa, wageni wamefika? Nawajibu, Julai.

Andika mara tu wakiondoka. Watu wanasubiri.

Baba yako anayetembea kifua mbele,
Sosthenes


Mgololo
14 Septemba 2025

Eveline mwanangu,

Hujambo? Julai imepita, Agosti imepita. Simu yako inaita haipokelewi. Joachim amesikia kwa mtu wa basi kwamba umetolewa kwenye matangi na unasugua vizimba.

Sikuulizi kitu. Kama kuna jambo, hapa ni kwenu. Kitanda chako kimetandikwa.

Baba


Kilwa Masoko
5 Oktoba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Najua nimekutesa. Afya ninayo. Uliyoyasikia ni kweli.

Siku ya wageni, asubuhi, nilikuta wafanyakazi wanamwaga kome kwenye matangi yangu. Bwana Sedekia akaniambia, "Wakishashiba hawa, tutarusha punje juu mbele ya wageni, wadhani wameshibishwa na hizo. Wewe waambie wanaishi kwa punje peke yake." Nikamwambia wale wa punje peke yake wanajivua gamba vibaya, wanabaki laini na wenzao wanawala. Akasema, "Mradi ukifa, na wewe unakufa nao. Fikiria watu wote hawa."

Niliwafikiria. Niliwafikiria kina mama wa kome, na wavulana wa vizimba. Zaidi ya wote nilikufikiria wewe, Baba, umesimama kwenye matangazo.

Wageni walipofika, mama mmoja wa makamo aliyevaa sari akaniangalia moja kwa moja. "Wanakula punje tu?" Nikasema, "Bado. Wanazipenda kwa muda mfupi, halafu ladha inatoka. Asubuhi hii wamekula kome."

Uso wa meneja sitausahau. Kesho yake nilipewa brashi ya kusugua vizimba.

Sikukuandikia kwa sababu kanisa lako lilinitisha kuliko bosi. Ulishawaambia watu wote. Ningekuandikia nini, kwamba nimekuangusha?

Juzi yule mama alinipigia. Anaitwa Kumud, familia yao ina kinu cha chakula cha kuku pale Iringa mjini. Akasema, "Miaka yote nauza chakula. Wataalamu wanaokuja kwangu wote chakula chao kimefaulu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia bado. Njoo utumie mashine zangu, hiyo bado tuimalize." Wenzake wamekubali kuupa mradi muda zaidi, kwa sharti kwamba punje nizitengeneze mimi.

Sijamjibu. Nasubiri neno lako.

Eveline


Mgololo
14 Oktoba 2025

Mwanangu, mama yangu,

Kamwene, kamwene tena.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikashindwa kuingia ndani. Nikaenda nayo moja kwa moja kwa Edmund. Nikamwambia, "Mtoto aliulizwa mbele ya wakubwa, kazi yake ikiwa hatarini, akasema bado." Edmund akanivutia kigoda nikae. Halafu akasema, "Sosthenes, ungenigawia mimi mtoto huyo."

Jumapili nilisimama tena kwenye matangazo. Safari hii sikutangaza kambakochi, nilikutangaza wewe. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kwaya alianzisha pambio, na mimi, mzee mzima, nikapiga makofi mpaka mwisho.

Hukuniangusha. Kuwalisha kambakochi unaweza kushindwa, wana ukaidi wao. Kuwalisha watu uongo, hilo usilizoee.

Nenda Iringa. Huyo mama amekuona.

Baba yako


Iringa
15 Machi 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imewaacheni salama.

Wamekula!

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Kome tumewaacha miambani. Tunatumia vichwa vya kamba vinavyotupwa sokoni, tunavikausha na kuvisaga, kwa sababu harufu yake inawaita na ladha yake inawabakiza kama ya kome. Siri ya kushika ladha tumeipata hapa kwenye kinu: unga wa ngano, ule wenye kunata, unakandwa pamoja na ule wa vichwa vya kamba ndani kabisa ya punje, kisha mashine inaibana mpaka inalia. Mama Kumud huivunja kwa meno kabla ya kila gunia kufungwa. Nikamwambia ataharibu meno. Akasema, "Kuku hawezi kunilalamikia, kambakochi pia hawezi. Mtu mmoja lazima aonje."

Nilishuka Kilwa na magunia ya kwanza. Nikasubiri kwenye chumba cha matangi, gizani kwa kuwa hawapendi mwanga, taa nyekundu peke yake. Akatoka jike mkubwa. Akaikanyaga punje. Akasimama. Akaiinua kwa miguu ya mbele, akaikumbatia kifuani, na mwenzake alipomsogelea akamgeuzia mgongo. Hakuiachia mpaka ikaisha. Nimengoja wajivue gamba mara kadhaa ndipo nikuandikie. Wanakuwa wagumu upesi, wazima.

Bwana Sedekia alikuwepo. Alinipa mkono, akasema, "Hongera, dada." Nikamshukuru, maana yeye pia alikuwa anaogopa mradi ufe.

Sasa unaweza kutangaza, Baba. Safari hii siyo bado.

Binti yako,
Eveline


Mgololo
31 Machi 2026

Mwanangu Eveline,

Kamwene. Tu wazima wote, na furaha imejaa nyumbani mpaka kuku wanashangaa.

Wiki mbili nimetembea na barua yako kwenye koti. Kila Jumapili wakati wa matangazo Mchungaji ananiangalia. Edmund ananigonga kwa kiwiko, "Simama basi." Sisimami. Wakiniuliza nje nawaambia, "Muulizeni mwenyewe, anakuja." Nikisema mimi nitaongeza chumvi, na kazi yako haihitaji chumvi yangu.

Jumapili ya mavuno nimekuombea nafasi baada ya mahubiri. Njoo na huyo Mama Kumud kama atapenda, atakunywa chai ya Mufindi. Njoo na gunia moja la punje watu walishike kwa mikono yao.

Utasema wewe. Mimi nitakuwa benchi la mbele, nimekaa, mdomo nimeufunga, na ole wake atakayeufungua kabla hujamaliza.

Baba yake Eveline